Shule ya Wavulana: Inafundisha au Inachuja?

Kila Septemba, mtihani wa darasa la saba ukishapita, nyumba nyingi za Mbulu na Hanang huingia kwenye mjadala uleule. Kijana amemaliza na matokeo bado. Mjomba amepiga simu kutoka Arusha kusema kuna shule ya wavulana watupu ambayo haijui divisheni foo. Paroko ametangaza baada ya misa kwamba fomu za usaili wa seminari zimefika. Baba anahesabu magunia ya maharage yaliyobaki stoo na kuwaza vitunguu saumu vitauzwa bei gani, na mama anataka kujua mtoto atajifunika nini kwenye baridi ya Julai. Mwongozo huu nimewaandikia wazazi hao, na walezi, mashangazi na makaka wakubwa ambao mara nyingi ndio wanaolipa.

Swali linalowachanganya wengi ni hili: nitafute shule kali kitaaluma, au shule inayompokea kila mtoto na kumheshimu? Tumezoea kuyaona hayo kama mambo mawili yanayovutana, kwamba ukipata moja lazima upoteze jingine. Mimi sikubaliani. Shule inayopata divisheni wani kwa kuwaondoa vijana dhaifu njiani imeonyesha kwamba inajua kuchagua. Kama inajua kufundisha, bado hatujui. Ukali wa taaluma unapimwa kwa kijana aliyeingia akiwa wa chini, akatoka akiwa amepanda. Kwa hiyo unapouliza shule inawafanyia nini walio nyuma, unapima ujumuishi wake na ukali wake kwa wakati mmoja.

Tukubaliane kwanza shule zenyewe ni zipi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilifungua njia ya shule za misheni kuchukuliwa na serikali, lakini seminari zikaachwa mikononi mwa makanisa kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulea wahudumu wa dini. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Mbulu akisema shule binafsi ya wavulana, cha kwanza kinachomjia kichwani ni seminari: Sanu ya Jimbo Katoliki la Mbulu, hapa hapa nyumbani, Dung'unyi kule Singida, au zile za Kilimanjaro kama Uru na Maua. Kundi la pili ni shule za bweni za mbali, za mijini, kama Marian Boys ya Bagamoyo na Feza Boys ya Dar es Salaam, ambazo ada zake mkulima wa kawaida wa Dongobesh haziwezi. Lipo na kundi la tatu ambalo si binafsi, lakini lazima liwe mezani: shule za serikali za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana. Kijana wako akichaguliwa Ilboru, mpeleke Ilboru. Usilipe mamilioni kununua kitu ambacho serikali imempa bila ada, maana elimu ya sekondari ya serikali haina ada tangu Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022 kwa kidato cha tano na sita.

Wala usiidharau shule ya kata kabla hujaiona. Zipo shule za kata zenye walimu wanaojituma kuliko baadhi ya shule zenye mabasi yaliyopakwa rangi. Lakini kama umeshaamua kulipa, lipa ukiwa macho.

Anza na matokeo, kwa sababu ndiyo yanayotangazwa zaidi na kusomwa vibaya zaidi. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, ila haukuondoa mabango barabarani wala vipeperushi vinavyogawiwa kwenye mahafali. Majedwali yenyewe bado yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, na yanasema mengi kwa mzazi anayejua pa kuangalia.

Chukua simu, tafuta namba ya kituo ya shule hiyo, ile inayoanza na herufi S. Fungua kwanza Upimaji wa Kidato cha Pili wa mwaka 2022 na uhesabu vijana waliofanya. Kisha fungua matokeo ya kidato cha nne ya 2024, uhesabu tena. Hilo ni darasa lilelile miaka miwili baadaye. Tuseme kidato cha pili walikuwa 84, na kidato cha nne wakawa 57, wote divisheni wani na mbili. Bango litaandika asilimia mia. Wewe uliza vijana 27 wamekwenda wapi. Mmoja au wawili wamehama na wazazi wao, mwingine ameugua, wengine ada imewashinda, na anayeshindwa upimaji wa kidato cha pili hukariri kwa utaratibu wa serikali. Yote hayo hutokea. Lakini theluthi moja ya darasa haiyeyuki kwa bahati. Kumbuka pia kwamba shule nyingi hupokea wahamiaji kidato cha tatu, kwa hiyo kati ya wale 57 huenda wapo ambao hawakuanza pale, na waliopotea ni zaidi ya 27. Fanya hesabu hiyo kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sababu zake. Mitatu ni tabia ya shule.

Njia inayotumika kuwaondoa inajulikana, nayo huitwa wastani. Shule inajiwekea kiwango chake, labda 50, labda 60, na kijana asiyefikia anaambiwa akariri darasa au mzazi aje kuchukua uhamisho. Wizara ya Elimu imeshakataza shule binafsi kufukuza au kukaririsha watoto kwa kigezo cha wastani wa shule, lakini bado utakutana nacho kikiwa kimeandikwa kwa adabu kwenye fomu ya kujiunga, kwenye ukurasa wa kanuni ambao wazazi husaini bila kuusoma. Usome ukurasa huo. Ukiona maneno kama "atashauriwa kutafuta shule nyingine", jua unaambiwa mapema. Wazazi pia hulalamikia mbinu nyingine: kijana anaendelea kulala bwenini na kulipa ada ileile, lakini mtihani wa mwisho anasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo chenye herufi P, ili alama zake zisichafue jedwali la shule. Muulize mkuu wa shule waziwazi kama hilo limewahi kutokea pale. Ukiuliza kwa heshima, hakuna sababu ya yeye kukasirika.

Ukiwa bado kwenye jedwali, shuka hadi chini kwenye ufaulu wa kila somo. Huko ndiko ninakopenda kukaa muda mrefu. Angalia Hisabati, somo linalowaangusha watahiniwa wengi nchini mwaka baada ya mwaka. Kisha angalia ni wangapi waliosajiliwa Fizikia na Kemia ukilinganisha na darasa zima. Divisheni hutokana na masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni divisheni wani, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. Shule inaweza kuwaondoa vijana wengi kwenye sayansi mwanzoni mwa kidato cha tatu, ikawabakiza kwenye masomo mepesi kwao, na divisheni zikapendeza. Kama kijana wako anaota kuwa daktari pale hospitali ya Haydom, halafu unakuta vijana 60 walifanya mtihani na 18 tu ndio waliofanya Fizikia, hilo unapaswa kulijua leo, si baada ya miaka miwili.

Sasa panda gari uende. Barabara ya kupanda bonde la ufa wakati wa masika inachosha, lakini hakuna simu wala kipeperushi kitakachochukua nafasi ya kufika. Nenda siku ya kazi, katikati ya wiki, wala usisubiri siku ya wazazi, ambapo hata mawe ya bustani yamepakwa chokaa.

Ukifika, omba kuona daftari la Hisabati la kijana wa kidato cha pili. Usikubali kuletewa la kiranja wa taaluma. Omba la kijana aliyekaa nyuma. Lifungue katikati. Kama kuna tiki moja ndefu ya kalamu nyekundu kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na sahihi pembeni, mwalimu hakusoma. Alikuwa anakamilisha daftari kwa ajili ya mkaguzi. Mwalimu aliyesoma huweka alama ya kosa pale hasa kijana alipopotea, kwenye mstari wa tatu alipobadilisha alama ya kutoa ikawa ya kujumlisha, na chini yake utaona masahihisho ya kijana kwa mwandiko wake, halafu tiki ya pili. Angalia tarehe ya mwisho ya kusahihishwa. Kama ni wiki tatu zilizopita, shule hiyo si kali, hata kama kengele yao ya kuamka inagongwa saa kumi alfajiri. Hesabu ya masomo ya usiku isikutie kiwewe. Uliza nani yuko darasani saa hizo: mwalimu wa zamu anayezunguka na kusaidia, au kiranja mwenye fimbo?

Nenda maabara. Chupa zenye vumbi shingoni na masinki makavu vinajieleza vyenyewe.

Kuhusu fimbo, Kanuni za Elimu za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Uliza kama kitabu hicho kipo. Shule za wavulana zina historia ya kuamini kwamba mvulana haelewi bila kuumizwa, na kwamba kijana wa kidato cha nne ana haki ya kumchapa wa kidato cha kwanza. Hilo si jambo la kulichekea kwamba na sisi tulipitia. Mtoto anayeogopa bweni hasomi.

Nikirudi kwenye ujumuishi wenyewe, wengi wakilisikia neno hilo hufikiri kiti cha magurudumu tu. Wilaya zetu zina mambo mengi zaidi ya kuangalia. Bonde moja linakusanya Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyaturu na wageni waliokuja kwa kazi na biashara. Shule ya wavulana inayosema iko kwa ajili ya watu wa hapa, iulize ina vijana wangapi wa Kidatoga kutoka Basotu na Balang'dalalu, na wamefika kidato cha ngapi. Wengi wao huanza shule wakiwa wakubwa kwa sababu ya kuhama na mifugo, na baadhi ya shule huweka ukomo wa umri unaowafungia mlango hata kabla ya usaili. Ukiwa kwenye uwanja wa mpira, tega sikio. Kama vijana wanamwita mwenzao "Mang'ati" na mlezi wa bweni aliyesimama pale anacheka nao, umeshapata jibu, hata kama mtoto wako si Mdatoga. Bweni linalomdharau mmoja kwa kabila lake kesho litamdharau mwingine kwa viatu vyake.

Vijana wa Kihadzabe kutoka Mongo wa Mono na Domanga nao wapo. Fedha za biashara ya hewa ukaa zinazotokana na kulinda misitu ya bonde la Yaeda zimesaidia kulipia baadhi yao masomo ya sekondari. Kijana wa namna hiyo anaweza kutoroka muhula wa kwanza, arudi nyumbani kwa miguu, kwa kuwa hajawahi kulala ndani ya ukuta na watu themanini. Mwulize mkuu wa shule: akitoroka, anatumwa mtu kumfuata na kuzungumza na wazazi wake, au jina lake linafutwa tu kwenye mahudhurio? Jibu litakuonyesha shule hiyo itafanya nini mtoto wako naye akikwama.

Lugha ni jambo jingine ambalo wazazi tunalipita haraka. Mtoto wa Kiiraqw aliyesoma shule ya msingi ya serikali anafika kidato cha kwanza akiwa na lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili cha shule, na sasa anaambiwa Biolojia yote ni kwa Kiingereza. Wenzake waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza za Babati na Arusha wanaonekana werevu kwa miezi sita ya kwanza, kumbe wanajua lugha tu. Shule inayojua kazi yake hupanga wiki za mwanzo za kufundisha Kiingereza kwa utaratibu, humpa mtoto kamusi, na humruhusu kuuliza swali kwa Kiswahili hadi aelewe. Isiyojua humvika kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili, ikadhani imemfundisha. Hapo ndipo vijana wengi wenye akili kutoka vijijini wanapopotea, na ndipo hesabu ile ya wastani inapowanasa, kwa sababu mtihani wa Juni wa kidato cha kwanza unapima Kiingereza zaidi ya unavyopima sayansi. Mtoto wako akiwa wa kundi hili, swali la Kiingereza cha mwanzo lina uzito kuliko idadi ya divisheni wani.

Kisha afya na ulemavu. Nchi yetu ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, kwa hiyo shule haifanyi hisani inapompokea kijana asiyeona vizuri au mwenye mguu mfupi. Uliza kama yupo mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kwa mfano Chuo cha Ualimu Patandi kule Tengeru, ambacho kimekuwa kikiwaandaa walimu hao kwa miaka mingi. Pima kwa macho: njia ya kutoka bwenini kwenda bwaloni ina ngazi ngapi, na choo kikoje usiku. Uliza kama wamewahi kuomba Baraza la Mitihani limwandalie mtahiniwa wao karatasi ya maandishi makubwa au limwongezee muda. Shule iliyowahi kufanya hivyo itakueleza utaratibu bila kusita.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni kifafa. Katika eneo letu ni ugonjwa unaojulikana sana, na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imeutibu na kuutafiti kwa miaka mingi. Kijana anayemeza dawa zake kila siku anaweza kusoma hadi chuo kikuu. Lakini shule nyingi za bweni humkataa mlangoni, au humpokea kisha humrudisha baada ya kuanguka mara moja, kwa hofu na kwa imani kwamba povu linaambukiza. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, usifiche. Mweleze mkuu wa shule, halafu sikiliza anachouliza. Anayeuliza dawa zitatunzwa wapi, nani atahakikisha amemeza, na wenzake bwenini waelezwe nini, huyo ni mwalimu wa kumwachia mtoto. Anayeuliza kama huwa anaanguka hadharani, anawaza sifa ya shule. Na hata kama mtoto wako ni mzima kabisa, uliza swali hilihili kwa niaba ya mwingine, uone sura ya anayekujibu.

Dini nayo isiachwe bila kuzungumzwa. Seminari ina haki ya kuwa seminari. Inahitaji barua ya paroko, inataka kijana awe na dalili za wito au angalau moyo wa kuutafakari, na siku yake imejengwa juu ya sala. Wazazi wengi wa kwetu humpeleka kijana kwa ajili ya taaluma na nidhamu tu, huku wakimfundisha kusema kwenye usaili kwamba anataka upadri. Nawaomba mliache hilo. Mnamfunza mtoto wa miaka kumi na minne kudanganya ili apate nafasi, tena mbele ya watu wanaomwamini. Mwambie Gambera, yaani mkuu wa seminari, ukweli: "Baba Gambera, kijana wangu hajajua kama ana wito, lakini yuko tayari kusikiliza." Wengi wao wanaelewa, maana wanajua kwamba katika kila darasa wanaofika daraja la upadri ni wachache, na hata waliofika wengine hugeukia njia nyingine. Dakta Wilbrod Slaa, mtoto wa Mbulu, alipita malezi ya seminari, akawa padri, kisha akawa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 na mgombea urais mwaka 2010. Lakini kama hakuna moyo wa sala kabisa ndani ya kijana, au kama nyumba yenu ni ya Waislamu au ya dhehebu jingine, tafuta shule ya wavulana isiyo seminari, na uliza mambo ya kawaida kabisa: Ijumaa anaruhusiwa kwenda msikitini? Jikoni wanapika nini, na sufuria ni zilezile? Anaweza kutohudhuria misa bila kuitwa mkaidi?

Mazungumzo na mkuu wa shule yasiwe marefu. Mimi ningebeba swali moja juu ya mengine yote: "Mwalimu, kijana aliyeshika nafasi ya mwisho kidato cha pili mwaka jana, mlimfanyia nini, na sasa yuko wapi?" Mkuu anayeijua shule yake atamjua kijana huyo. Atakuambia alikuwa na shida ya macho wakampeleka kupimwa, au alikuwa hajui kuzidisha sehemu, wakamrudisha kwenye msingi kila Jumamosi kwa muhula mzima, na sasa amepanda hadi katikati. Asiyeijua atakuambia kwamba pale hakuna wa mwisho, au kwamba huyo aliondoka. Nikisikia jibu la namna hiyo, mimi huaga kwa adabu na kuondoka.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu umaskini ndio unaowatenga vijana wengi kuliko ulemavu na kabila. Kiasi cha ada usikitazame peke yake. Tazama fomu yote ya kujiunga: godoro, blanketi mbili, sweta, jembe, rimu za karatasi, fedha ya tahadhari, mchango wa mahafali, kambi ya masomo wakati wa likizo. Kambi hizo za likizo ndizo zinazowashtua wazazi, kwa maana wengi huziona kwa mara ya kwanza kijana akiwa kidato cha pili. Jumlisha miaka minne, si muhula mmoja. Kisha angalia kalenda ya malipo dhidi ya kalenda ya shamba. Muhula hufunguliwa Januari wakati mahindi na maharage bado yako shambani, na fedha ya maana huonekana kuanzia Juni au Julai, baada ya mavuno au ng'ombe kuuzwa mnadani. Shule inayodai robo tatu ya ada Januari haimfahamu mkulima wa hapa. Inayokubali mikupuo minne, au inayopokea mahindi na maharage kwa bei ya soko kama sehemu ya ada, inamfahamu. Omba makubaliano hayo kwa maandishi, na uliza kijana hufanywaje ada inapochelewa: mzazi anapigiwa simu, au mtoto anatolewa darasani mbele ya wenzake na kupewa nauli ya kurudi Katesh?

Na uliza kuhusu msiba. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, nyumba na mifugo vikaenda, na mwezi mmoja baadaye shule zikafunguliwa. Kijana anayepoteza baba na zizi kwa asubuhi moja hufanyiwa nini na shule iliyokuwa inapokea fedha za baba huyo? Mfuko wa dharura upo? Wanajimbo, wahitimu wa zamani au wafadhili wanachangia? Kama shule ina jibu la kweli, itakuonyesha kijana aliyesaidiwa, bila kumtaja kwa namna ya kumwaibisha.

Usiondoke wilayani bila kupita ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule, Mbulu mjini au Katesh. Maofisa hao ndio wanaoingia madarasani, na wanaweza kukuambia kama shule ina usajili na imekaguliwa lini. Uliza pia shule imejipangaje na mtaala mpya, kwa kuwa mkondo wa amali ulianza kidato cha kwanza Januari 2024 na kuna vijana ambao mikono yao ni mizuri kuliko kalamu zao. Shule inayouona mkondo huo kama jalala la walioshindwa haijaelewa.

Halafu mrudie kijana mwenyewe. Tumezoea kuamua kama wazee, mtoto anapewa taarifa akiwa ameshanunuliwa sanduku. Mpeleke naye kwenye ile ziara, mwache nusu saa na vijana wa pale bila mwalimu, na njiani kurudi usimhoji kama polisi. Ataongea mwenyewe. Akikuambia aliona mtoto analia nyuma ya choo na hakuna aliyemjali, umepata habari ambayo wewe usingeipata kwa mkuu wa shule. Akikuambia kaka mmoja wa kidato cha tatu alimwonyesha maktaba na kumwazima kitabu, hiyo pia ni habari.

Shule mbili zikilingana kwa yote haya, chukua iliyo karibu. Mzazi wa Dongobesh anayeweza kufika shuleni asubuhi na kurudi jioni atajua mapema kijana anapokonda au anaponyamaza, na atazungumza na mwalimu uso kwa uso kabla mambo hayajaharibika. Umbali una faida kwa wachache. Kwa wengi wetu huongeza nauli na kupunguza macho juu ya mtoto.

Matokeo ya kidato cha pili na cha nne hutoka Januari, wakati shule nyingi zimeshafunga usaili na kupokea malipo ya awali. Kwa hiyo tumia majedwali ya miaka iliyopita, ambayo yapo tayari kwenye simu yako, na fanya ile hesabu ya darasa moja kwa miaka miwili kabla hujalipia hata fomu ya maombi.